Mkono wa bibi ulisema kweli, kikombe ndicho kilichokosea

SWALI

Shikamoo Bi Mkunga,

Mimi ni mama wa miaka 24, naishi Tanga mjini nyumbani kwa mama mkwe wangu, na nina mtoto mmoja wa kiume mwenye umri wa miezi 8. Mume wangu ni utingo wa lori na mara nyingi yuko safarini, kwa hiyo ninapokwenda sokoni kwenye biashara yangu ya mbogamboga, mtoto hubaki na bibi yake.

Siku tisa zilizopita, Jumamosi alfajiri, mtoto alianza kuharisha, na kufikia Jumapili mchana alikuwa ameharisha mara nane, choo chepesi kama maji, huku akitapika karibu kila alichokula. Mama mkwe alimpapasa kichwani akasema utosi umebonyea, na kwamba huo ndio ugonjwa wenyewe. Akatwanga majani, akayachanganya na mafuta ya nazi, akampaka utosini. Baadaye alimfunua mdomo, akaona vitu vyeupe kwenye ufizi, akasema ni meno ya plastiki na kwamba mtaa wa pili yupo mtu anayeyang'oa. Hapo nilikataa, tukanuniana. Jirani mmoja naye alipita akasema kwa mafumbo kwamba mtoto huenda amebemendwa, na maneno hayo bado yananiuma.

Nilikwenda duka la dawa nikanunua pakiti mbili za ORS na dawa ya kuua vijidudu ambayo muuzaji aliniambia ni nzuri kwa tumbo. Kwa kuwa mtoto mdogo hawezi kumaliza lita nzima ya maji, niliona ni busara kuikoroga pakiti moja katika kikombe cha chai ili apate dawa yote. Alikunywa kwa pupa mara mbili, kisha akatapika yote, akawa analia bila machozi. Nikaamini dawa imemkataa, nikaiacha. Nikampa madafu, na baadaye soda niliyoitikisa mpaka gesi ikaisha. Titi nalo nililisimamisha tangu Jumapili jioni, kwa sababu niliambiwa maziwa ya mama hayamfai mtoto anayeharisha.

Jumatatu jioni alikuwa amelegea, hawezi hata kushika chuchu. Nilichukua bodaboda mpaka kituo cha afya, akatundikiwa dripu. Muuguzi alinifokea mbele ya watu akisema tumekaa naye nyumbani mpaka amekauka. Tuliruhusiwa Jumatano tukiwa na pakiti za ORS na vidonge 10 vya zinki. Sasa ameacha kuharisha, anacheza, na amekwisha kunywa vidonge vitano. Mama mkwe anasema tuache vilivyobaki, kwani mtoto mzima hapewi dawa.

Naomba unieleze nilikosea wapi, na siku nyingine nifanyeje kabla hatujafika kwenye dripu. Naomba pia uniambie namna ya kuzungumza na mama mkwe bila kumvunjia heshima, maana ndiye anayeshinda na mtoto.

Mama wa Miezi Minane, Tanga


JIBU

Marahaba, mwanangu, na pole sana kwa siku hizo tatu. Swali la zinki nilikujibu kwa ujumbe mfupi siku ileile barua yako iliponifikia, kwa sababu halikuweza kusubiri zamu ya safu hii. Nitalirudia kwa ajili ya wasomaji wengine, lakini kwanza tuzungumze kuhusu kikombe cha chai, kwa kuwa humo ndimo lilimokuwa kosa kubwa, na ni kosa ambalo nimeliona kwa akina mama wengi wenye akili timamu na nia njema kama yako.

Pakiti ya ORS si dawa inayotibu kwa wingi wake, bali ni kipimo cha chumvi na sukari kilichopangwa kiendane na kiasi maalumu cha maji. Pakiti ya kawaida inayofuata fomula ya Shirika la Afya Duniani ina gramu 20.5 za unga: gramu 13.5 za glukosi, gramu 2.6 za chumvi ya kawaida, na zilizobaki ni chumvi za potasiamu na sitrati. Zote hizo zimekusudiwa lita moja ya maji, hazipunguzwi wala haziongezwi. Katika ukuta wa utumbo kuna njia ambayo glukosi na chumvi huipita pamoja, moja ikimshika mwenzake mkono, na zinapoingia mwilini huyavuta maji yazifuate. Njia hiyo hubaki wazi hata mtoto anapoharisha sana, na ndiyo maana mtoto anaweza kuendelea kuharisha huku akirudishiwa maji kwa mdomo. Lakini unga wa lita moja ukikorogwa katika kikombe kimoja, mambo hugeuka: kinywaji kinakuwa kikali kuliko damu yenyewe, na badala ya maji kutoka tumboni kuingia mwilini, yanatoka mwilini kurudi tumboni. Mtoto huharisha zaidi, hutapika, hushikwa na kiu kali zaidi, na chumvi katika damu yake inaweza kupanda mpaka ikaleta degedege. Kwa hiyo dawa haikumkataa mwanao. Alichokikataa ni ule ukali wake.

Siku nyingine soma kwanza maandishi ya pakiti, kwani zipo zilizotengenezwa kwa nusu lita na hata kwa kiasi kidogo zaidi. Kama imeandikwa lita moja, tafuta chupa ya maji ya kunywa iliyoandikwa lita moja, si ile ya lita moja na nusu ambayo ndiyo imejaa majumbani mwetu na ambayo huwapotosha wengi kwa upande wa pili, kinywaji kikawa chepesi mno. Mimina maji yaliyochemshwa yakapoa, tia unga wote, tikisa mpaka uyeyuke, kisha onja wewe mwenyewe: ladha yake isizidi chumvi ya machozi. Usiongeze sukari, usichanganye na juisi, na usiyachemshe tena. Mtoto wako hatamaliza lita, nami najua kumwaga dawa kunauma, lakini usijaribu kuugawa unga kwa macho, kwa sababu chumvi na sukari hazikai sawasawa ndani ya pakiti. Kinachobaki baada ya saa 24 kimwage.

Sasa unywaji. Umeandika kwamba alikunywa kwa pupa mara mbili kisha akatapika, na hata kama kinywaji kingekuwa sahihi, kumwachia mtoto mwenye kiu agugumie kikombe ni kumkaribisha atapike. Mnyweshe kwa kijiko kidogo cha chai, kimoja kila baada ya dakika moja au mbili, ukiwa umempakata ameinua kichwa. Kila baada ya choo chepesi, mtoto aliye chini ya miaka miwili apate mililita 50 hadi 100, yaani vijiko vya chai 10 hadi 20. Akitapika, subiri dakika 10, kisha anza tena taratibu zaidi, kijiko kimoja kila dakika mbili au tatu, kwani hata anapotapika, sehemu ya kile alichokinywa huwa imekwisha kupita. Chupa ya chuchu iweke pembeni, kwani ni ngumu kuisafisha na huenda ndiyo iliyoleta ugonjwa.

Nilipokuwa kwenye wodi ya watoto tulikuwa na benchi refu kando ya dirisha, ambako mama aliketi na kikombe cha plastiki, kijiko na mtoto aliyefungwa kwa kanga, akitazama saa ya ukutani. Mtoto wa kilo 8 ambaye ameanza kuishiwa maji lakini bado anaweza kunywa huhitaji mililita 75 kwa kila kilo katika muda wa saa nne, yaani mililita 600. Piga hesabu: ni vijiko 120, kijiko kimoja kila dakika mbili, tangu saa tatu asubuhi mpaka saa saba mchana. Kazi hiyo inachosha mkono na inachosha moyo, kwa sababu saa ya kwanza huoni kitu, ya pili huoni kitu, kisha mahali fulani katika saa ya tatu mtoto anakojoa, na nimewahi kumwona mama akishangilia pampasi iliyolowa kana kwamba ni timu yake imefunga bao. Matibabu ya kiwango hicho hufanyika kituoni, mhudumu akimpima mtoto, lakini nimeyaeleza ili ujue kwamba watoto wengi wanaofika hospitali na upungufu wa maji hupona kwa kijiko bila kuchomwa sindano yoyote. Mwaka 1971, kipindupindu kilipowashika wakimbizi wa Bangladesh waliokimbilia India, dripu ziliisha katika kambi ya Bangaon, na daktari Dilip Mahalanabis akawakabidhi ndugu wa wagonjwa maji ya chumvi na glukosi wawanyweshe wenyewe. Vifo katika kambi ile vilishuka kutoka karibu 30 katika kila wagonjwa 100 hadi chini ya wanne. Wanyweshaji hawakuwa wauguzi, walikuwa akina mama na akina bibi.

Hapo ndipo ninapotaka kumzungumzia bibi wa mtoto wako, maana barua yako inamtaja kama kikwazo, nami nikiisoma namwona kuwa mtu wa kwanza katika nyumba ile kugundua kwamba mtoto anaishiwa maji. Utosi ni nafasi laini iliyoachwa kati ya mifupa ya fuvu ambayo bado haijaungana, na kwa watoto wengi hufunga ndani ya mwaka mmoja na nusu wa kwanza. Mwili ukipungukiwa maji, nafasi hiyo hudidimia. Mkono wa mama mkwe ulisema kweli, ila alichokiita ugonjwa ni alama ya ugonjwa, na majani yaliyopakwa juu ya ngozi hayawezi kurudisha maji yaliyotoka chini yake. Maji yakirudi kwa mdomo au kwa mshipa, utosi huinuka wenyewe, kama ulivyoona Jumanne asubuhi bila shaka. Kwa hiyo usimwambie kwamba utosi ni imani potofu, kwa sababu si kweli na atakudharau kwa haki. Mwambie, "Mama, ulipoona utosi umebonyea ulikuwa sahihi, na muuguzi naye hutazama hapohapo. Wao wakiuona hivyo huanza kumnywesha mtoto." Upapaswe mtoto akiwa ameketi na ametulia, kwani anapolia huvimba kidogo. Utosi uliovimba mtoto akiwa ametulia ni hatari ya aina nyingine, na huo nao ni wa kukimbiza hospitali.

Muonyesheni macho pia, yalivyodidimia. Muonyesheni kilio kisicho na machozi, mdomo na ulimi uliokauka, na ngozi ya tumbo katikati ya kitovu na ubavu: ukiifinya kwa vidole viwili na kuiachia, ya mtoto mwenye maji ya kutosha hurudi papo hapo, ya aliyepungukiwa hurudi polepole, na ikikawia zaidi ya sekunde mbili hali ni mbaya. Mkojo nao hupungua na huwa wa rangi nzito, ingawa kwa mtoto anayeharisha maji matupu pampasi inaweza kudanganya, ikawa nzito kwa choo na mama akadhani ni mkojo. Mtoto anayenywa kwa pupa na kuhangaika, kama wako alivyokuwa Jumapili, amekwisha kupungukiwa na maji na anapaswa kuonwa kituoni siku hiyohiyo. Mtoto aliyelegea, anayelala muda wote, asiyeweza kunywa wala kunyonya, kama alivyokuwa Jumatatu jioni, yuko ukingoni, na huyo ndiye wa dripu. Usisubiri pia ukiona damu kwenye choo, degedege, homa kali au kutapika kila anachopewa, na kama mtoto ana umri chini ya miezi miwili usianze hata kuhesabu vyoo, ondoka naye. Njiani, ilimradi anaweza kumeza, endelea kumnyonyesha na kumpa kijiko.

Kuhusu meno ya plastiki nitasema waziwazi, kwa kuwa hapa heshima haisaidii: hayapo. Vile vyeupe vilivyoonekana ni meno ya kweli ya mtoto yanayokaribia kuchomoza, na anayeyang'oa kwa spoki ya baiskeli, wembe au kucha humwachia mtoto ambaye tayari amepungukiwa maji jeraha linalovuja damu, mlango wa pepopunda na vijidudu vingine, na wakati mwingine uharibifu wa meno ya ukubwani yaliyo chini yake. Watoto wamekufa kwa jambo hili nchini mwetu. Ulipokataa na kukubali kununiwa, ulimwokoa mwanao, nalo lihesabu upande wako kila utakapokumbuka lile kosa la kikombe.

Maneno ya jirani kuhusu kubemendwa yaache mlangoni. Kuharisha kwa watoto wa umri huu mara nyingi huletwa na virusi, hasa virusi vya rota, na vijidudu vya chakula, maji na mikono michafu, na hakuna kinachofanyika chumbani kwa wazazi kinachoweza kumharisha mtoto. Nimewaona akina mama waliochelewa hospitali kwa kuogopa kuulizwa walilala na nani, na hilo hunikasirisha kuliko kosa lolote la kipimo.

Titi halisimamishwi hata kwa mlo mmoja. Maziwa hayachachi kifuani, na kwa mtoto anayeharisha ndiyo maji, chakula na kinga kwa pamoja, kwa hiyo mnyonyeshe mara nyingi zaidi, na uji na vyakula laini viendelee kidogo kidogo kwa kuwa ameshapita miezi 6. Madafu ni matamu na yana potasiamu, ila chumvi aliyopoteza mtoto karibu haimo, kwa hiyo hayawezi kukaa mahali pa ORS. Soda, hata ukiitikisa gesi yote ikaisha, sukari yake huvuta maji kuelekea tumboni na kuzidisha kuharisha, na unga wa glukosi wa dukani peke yake una ubaya huohuo. Dawa ya kuua vijidudu haikuhitajika kwa choo cha maji kisicho na damu. Dawa za kufunga choo ndizo za kuogopa zaidi, kwa kuwa zinaweza kuulaza utumbo wa mtoto mchanga, hivyo muuzaji akikupa usipokee.

Ikitokea ni usiku wa manane na pakiti hakuna, lita moja ya maji safi hukorogwa na nusu kijiko cha chai cha chumvi na vijiko sita vya chai vya sukari, kila kijiko kikisawazishwa kwa mgongo wa kisu. Hayo ni ya kusogezea usiku tu, na kulipokucha itafutwe pakiti, kwani mkono ukizidisha chumvi mnarudi kwenye kile kikombe cha chai.

Muuguzi alisema kweli kwa ulimi mkali. Alipaswa kukuita pembeni, na kwa miaka yangu ya kazi nami niliwahi kufoka hivyohivyo kwa woga wa kumpoteza mtoto, kisha nikajuta. Usiruhusu fedheha ile ikufanye uchelewe mara ya pili. Matibabu ya mtoto aliye chini ya miaka mitano katika vituo vya serikali, kwa mujibu wa sera, hayalipiwi, na hakuna anayefukuzwa kwa kuja mapema mno.

Vidonge vya zinki vimalizeni vyote. Mtoto wa miezi 6 na zaidi hupewa miligramu 20 kwa siku, na aliye chini ya hapo miligramu 10, kwa siku 10 hadi 14, hata kama kuharisha kumekoma siku ya tatu, kwa sababu zinki husaidia ukuta wa utumbo kujijenga upya na hupunguza uwezekano wa kuharisha tena katika miezi miwili au mitatu inayofuata. Kidonge kiyeyushe katika kijiko chenye maji safi kidogo au maziwa yako uliyokamua. Mama mkwe akisema mtoto mzima hapewi dawa, mweleze kwamba choo ndicho kilichopona, utumbo bado.

Mwisho, tazama kadi yake ya kliniki kama alipata matone ya chanjo ya rota katika wiki ya 6 na ya 10, yanayotolewa Tanzania tangu 2013. Kama hayamo, mwulize mhudumu, ingawa kwa miezi 8 huenda umri wake umekwisha kupita. Mwezi ujao anatimiza miezi 9 na atachanjwa surua na rubela. Siku hiyo usiende peke yako. Mwombe bibi yake ambebe yeye, na mkifika kwenye meza ya muuguzi wewe nyamaza, mwache yeye aulize kuhusu utosi.